Mahakama mtandao kwa watu wa Mtwara na Lindi: inapookoa nauli na inapomkwamisha mtu

Mahakama Kuu inayohudumia mikoa ya Lindi na Mtwara ipo Mtwara mjini. Kwa mkazi wa Mikindani huo ni mwendo wa daladala. Kwa mtu wa Masasi ni karibu kilometa 200, na kwa mtu wa Liwale ni safari ya siku nzima, ambayo masika huweza kugeuka siku mbili. Akifika, shauri linatajwa kwa dakika tano: upande wa pili haujaleta majibu, njooni tarehe nyingine. Nauli imekwenda, gesti imelipwa, na korosho zinaanguka shambani bila wa kuziokota. Ndiyo maana mfumo wa Mahakama wa kuratibu mashauri kwa mtandao, e-CMS, tunaupima hapa kwa kipimo kimoja tu: unampunguzia nani safari, na safari zipi.

Jibu ni kwamba unapunguza nyingi, hasa za kufungua shauri, za kulipa ada na za kwenda kuulizia tarehe. Safari ya kutoa ushahidi bado ipo, isipokuwa pale mahakama inapokubali kusikiliza kwa video. Na watu wengi hawakwami mahakamani. Wanakwama steshenari, kwenye mashine ya kuskani, na kwenye namba ya simu iliyoandikwa katika akaunti.

Msingi wa kisheria upo tangu 2018, zilipotoka Kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki, Tangazo la Serikali Na. 148 la mwaka huo. Mfumo wa awali, JSDS, ulikuwa zaidi wa usajili na takwimu. Mtu alituma nyaraka kwa mtandao, kisha akazichapa na kuzipeleka masjala zilezile. e-CMS, iliyoanza Novemba 2023, ndiyo iliyogeuza mambo, kwa sababu sasa jalada lenyewe limo ndani ya mfumo: maombi, majibu, amri, hukumu. Kwetu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, ingawa inayotajwa zaidi ni kuokoa karatasi. Jalada la karatasi linashikika kwa mkono, kwa hiyo linaweza kulowa, kuliwa na mchwa, kupungukiwa ukurasa, au kutoonekana siku ya hukumu na kuonekana wiki ya pili yake. Jalada la mfumoni lina tarehe na saa ya kila kilichoingia, na pande zote mbili zinaona kitu kilekile. Mnyonge anayeshitakiana na mwenye uwezo anapata hapo kinga ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Sasa akaunti. Mtu binafsi hujisajili kwa namba yake ya NIDA, zile tarakimu 20, pamoja na simu na barua pepe. Kosa la kwanza hufanyika hapa, na ni kosa la upole: mteja ana kitochi na hana barua pepe, kijana wa steshenari anataka kusaidia, anajaza namba yake na barua pepe yake. Kuanzia siku hiyo taarifa za shauri zinamwendea kijana: wito, tarehe, namba ya malipo, uamuzi. Kijana akihamia Dar es Salaam au akipoteza laini, mdaawa, yaani mwenye shauri, hana habari. Shauri linaitwa, hayupo, linafutwa kwa kutohudhuria. Akiwa ni mdaiwa, linasikilizwa upande mmoja na hukumu inatoka. Kurudisha shauri lililofutwa kunahitaji maombi mapya, kiapo kipya cha maandishi na sababu za kuiridhisha mahakama, na kusema kwamba simu ilikuwa ya mtu mwingine ni sababu dhaifu.

Weka namba yako mwenyewe, hata ya kitochi, maana ujumbe mfupi unaingia kwenye simu yoyote. Barua pepe ifunguliwe kwa jina lako, na nywila uiandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, si kwenye kipande cha boksi la korosho. Kama ndani ya nyumba kuna mtoto wa sekondari mwenye kuweza simu janja, afundishwe kuifungua barua pepe hiyo mara mbili kwa wiki.

Angalia pia majina. Huku kwetu mtu mmoja anaweza kuwa Mohamedi kwenye NIDA, Muhamad kwenye hati ya kijiji, na Mohamed Issa Nampaka badala ya Mohamed Issa kwenye hukumu ya mahakama ya mwanzo. Karatasini makarani walikuwa wanaelewana. Mfumo unachukua jina la NIDA kama lilivyo. Ukikata rufaa, majina yawe yaleyale ya kwenye hukumu unayoipinga, na tofauti ielezwe kwa kiapo cha majina mapema, kabla upande wa pili haujaligeuza kuwa pingamizi.

Tukija kwenye kuskani, tunaomba msomaji atuvumilie, kwa sababu hapa ndipo siku zinapopotelea. Chukua hati ya madai ya kurasa 12. Ukizipiga picha kwa simu kama unavyopiga picha ya harusi, kila ukurasa unaweza kufika MB 3; kurasa 12 ni MB 36. Kwa mtandao wa jioni wa Nachingwea faili hilo linapanda mpaka katikati, linasimama, bando linaisha, unaanza upya. Kurasa hizohizo zikiskaniwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa nukta 200 hadi 300 kwa inchi, kila moja inakuwa kama KB 100 au pungufu, na faili zima linakuwa kama MB 1. Linapanda kabla hujamaliza kukunja miguu.

Ila nyeusi na nyeupe ina mtego wake. Muhuri wa bluu uliofifia, ule uliogongwa wino ukiwa umekauka, unapotea kabisa. Ukurasa unatoka msafi kana kwamba haukugongwa muhuri. Kurasa zenye muhuri ziskaniwe kwa kijivu, na ramani au picha za mipaka ya shamba ziwe za rangi. Kisha mwambie kijana afungue faili kwenye kioo, mpitie ukurasa mmoja mmoja, mkikuza pale penye sahihi. Tafuteni vitu vinne: ukurasa uliopinduliwa kichwa chini, kivuli cha mkono, mkunjo uliopita juu ya tarehe, na ukurasa uliorukwa mashine ilipovuta karatasi mbili kwa pamoja. Huo wa nne ndio mbaya zaidi, kwa kuwa nyaraka inaonekana nzima mpaka siku wakili wa upande wa pili anapouliza aya ya 9 iko wapi.

Kiapo kina mambo yake. Sheria inataka kiapo kionyeshe mahali kilipolewa na tarehe. Watu huandika "Mtwara" juu, wanaacha nafasi ya tarehe wazi wakisema kamishna wa viapo ataijaza, kamishna anagonga muhuri na kusaini bila kuijaza, na nyaraka inapandishwa hivyo. Mfumo hautambui kosa hilo. Unaipokea, unaipa namba, unaipangia tarehe. Pingamizi la awali linakuja miezi miwili baadaye na maombi yanatupwa. Kwa hiyo ukiondoka kwa kamishna wa viapo, simama mlangoni usome mstari wa mwisho: umeapa wapi, lini, mbele ya nani, muhuri upo, sahihi yako ipo.

Faili lipewe jina linalosomeka: "Kiambatisho A mkataba wa mauziano" linamsaidia karani na jaji, wakati namba iliyotoka kwenye mashine haimwambii mtu kitu. Na nakala asili usizitupe wala kumwachia mtu. Kupandisha kiambatisho mfumoni hakukifanyi kuwa kielelezo. Siku ya ushahidi utatakiwa uitoe hati yenyewe, mahakama iipokee baada ya upande wa pili kuulizwa kama una pingamizi. Wapo wanaoshinda kwenye karatasi na kuanguka kwenye ushahidi kwa sababu waliamini kwamba kilichomo mfumoni kimeshapokelewa.

Malipo ndiyo sehemu iliyonyooka kuliko zote. Nyaraka zikishakaguliwa, inatoka namba ya malipo ya serikali, na unalipa kwa simu, kwa wakala au benki. Risiti inabaki mfumoni. Hakuna tena kwenda na fedha mkononi, na hakuna tena kuulizana nani alipokea. Jambo la kushika ni hili moja: ada ya mahakama hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu. Anayekwambia umtumie yeye ili akulipie, mwambie akupe namba ya malipo uilipe mwenyewe. Gharama ya kuchapa na kuskani ni ya steshenari. Hiyo mlipe kivyake, na zisichanganywe.

Kuhusu muda, kanuni za 2018 zinasema nyaraka iliyotumwa kabla ya saa 6 usiku inahesabika imefunguliwa siku hiyo, ila ikikataliwa. Ikitumwa baada ya hapo, au siku isiyo ya kazi, inahesabiwa siku ya kazi inayofuata. Zamani dirisha la masjala lilifungwa alasiri na basi la Newala lilikuwa halijafika Mtwara. Leo mtu wa Newala ana saa za jioni nzima. Hata hivyo usizitegemee. Mahakamani kumekuwa na ubishi kama siku ya kufungua ni ya kutuma au ya kulipa ada, kwa hiyo salama ni kutuma na kulipa siku ileile, na kufanya yote hayo angalau siku tano kabla ya mwisho. Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30, na kutoka ya wilaya kwenda Mahakama Kuu kwa shauri lililoanzia mahakama ya mwanzo ni siku 30 pia. Nyaraka ikirudishwa kwa marekebisho siku ya 29, saa haikusubiri.

Mtandao ukikatika wenyewe je? Kanuni zimeliona hilo: aliyekosa muda kwa tatizo la kiufundi anaweza kumwomba Msajili au hakimu mfawidhi, bila urasimu wa maombi rasmi, kabla ya saa 9 alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Muda ni mfupi. Piga picha ya kioo kinachoonyesha kosa pamoja na saa, na uende au upige simu asubuhi mapema. Wakazi wa Kusini wanajua kwa nini kifungu hiki ni muhimu. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake zilikata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam upande wa Kilwa, na tarehe 12 ya mwezi huohuo hitilafu ya nyaya za chini ya bahari ikaangusha intaneti nchi nzima. Kwa siku kadhaa mtu wa Kilwa Masoko hakuwa na barabara ya kupeleka karatasi wala mtandao wa uhakika wa kutuma faili. Ongeza umeme: kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mikoa hii miwili imetegemea mitambo ya gesi asilia iliyopo Mtwara mjini, na mtambo ukipata hitilafu, mashine ya kuskani ya Ruangwa nayo imekufa. Steshenari yenye betri na mashine ndogo ya kuskani inastahili kupewa kazi kuliko yenye mashine kubwa inayosubiri umeme.

Shauri likishafunguliwa linapewa namba ya rejea ndefu ya tarakimu 17. Inatisha kuitazama, lakini nane za mwanzo ni tarehe: mwaka, mwezi, siku. Namba inayoanza 20240223 ni ya nyaraka ya tarehe 23 Februari 2024. Iandike nyuma ya daftari na umpe nakala ndugu mmoja. Kwa namba hiyo tarehe ya kutajwa inafuatiliwa bila kupanda basi, na hapa ndipo kipimo chetu cha nauli kinapojibu vizuri zaidi. Mtu wa Mangaka aliyekuwa akisafiri kwenda kuambiwa kwamba hakimu yupo likizo, sasa anaweza kujua hilo akiwa kwake.

Nakala za hukumu zilikuwa kidonda kikubwa. Rufaa nyingi zimechelewa kwa sababu mtu alisubiri nakala kwa miezi, akiandika barua moja baada ya nyingine. Hukumu ikishawekwa mfumoni, tarehe ya kupatikana kwake inaonekana, na hiyo inasaidia pale ambapo sheria ya ukomo wa muda inaruhusu kutoa siku za kusubiri nakala. Tahadhari kwa wanaotoka mahakama ya mwanzo: rufaa ya kwenda mahakama ya wilaya hailazimu kuambatisha nakala ya hukumu, hivyo usikae ukiisubiri. Siku 30 zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa.

Sambamba na e-CMS kuna TanzLII, hazina ya maamuzi ya mahakama iliyo wazi kwa kila mtu, bure, bila akaunti. Hii tunaipa alama za juu kabisa. Maamuzi ya Mahakama ya Rufani na ya Mahakama Kuu, yakiwamo ya Mtwara, yanapatikana kwa kuchagua mahakama na mwaka, au kwa kuandika neno la kutafuta. Msaidizi wa kisheria wa Tandahimba anaweza leo kusoma jinsi jaji wa Mtwara alivyoamua mgogoro wa mikorosho iliyopandwa kwenye shamba la kuazima, jambo ambalo zamani lilihitaji maktaba ya wakili. Shida iliyobaki ni lugha. Sheria ilibadilishwa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, lakini sehemu kubwa ya maamuzi yaliyomo bado ni ya Kiingereza. Aliyeshindwa kesi ana haki ya kuelewa kwa nini ameshindwa, na kuelezwa na mtu mwingine si sawa na kusoma mwenyewe. Mahakama imeanza kutumia mfumo wa kunukuu na kutafsiri mienendo ya mashauri, na hapo ndipo tungependa nguvu nyingi zaidi iwekwe. Ukipata uamuzi unaokufaa, angalia kama Mahakama ya Rufani haikuutengua baadaye.

Kusikilizwa kwa video kuna kanuni zake za 2021, Tangazo la Serikali Na. 637. Kunafaa sana kwa kutajwa, kwa maombi yanayobishaniwa kwa hoja za sheria, na kwa mahabusu ambao kuwasafirisha ni gharama na hatari. Kwa shahidi mzee wa kijijini tunasita. Anakaa mbele ya simu ya mjukuu, kuku wanalia, jirani anamsogelea kumkumbusha maneno, na hakimu haoni aliyesimama nyuma ya simu. Ushahidi wa namna hiyo unaharibiwa kwa swali moja la dodoso, yaani la kuhojiwa na upande wa pili: nani yupo hapo na wewe? Kama ni lazima iwe video, tafuta chumba kilichofungwa, simu iwekwe juu ya kitu kisichotikisika, shahidi awe peke yake na kitambulisho chake mkononi, na bando liwe la kutosha. Saa moja ya video inaweza kula karibu GB 1. Jaribu mtandao siku iliyotangulia, saa ileile ya kesi, maana mtandao wa alfajiri na wa saa 4 asubuhi si mmoja.

Kuna mipaka ambayo mfumo hauivuki, na watu wa mikoa yetu wanaumia kwa kutoijua. Migogoro mingi ya huku ni ya ardhi, na ardhi ina njia yake: kwanza baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 linapatanisha tu ndani ya siku 30 na kutoa hati, haliamui tena nani mwenye shamba, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukifungua mgogoro wa shamba kwenye mahakama ya wilaya kwa kuwa akaunti yako ya e-CMS ilikuonyesha mahakama hiyo kwenye orodha, umepoteza ada na muda, maana mfumo hauulizi kama mahakama uliyochagua ina mamlaka. Rufaa kutoka Baraza hilo la Wilaya, kwa shauri lililoanzia hapo, ndiyo inayokwenda Mahakama Kuu, ndani ya siku 45.

Mirathi ni habari nyingine. Ya wanaofuata dini ya Kiislamu au mila huanzia mahakama ya mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi, na huko karani bado ndiye anayeshika kazi kubwa ya kuingiza taarifa. Mpelekee zilizokamilika: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za wote, majina ya warithi kama yalivyo kwenye vitambulisho. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, kisha hesabu kwa Fomu Namba 6. Wengi wanasahau kwa kuwa hakuna anayewafuata nyumbani. Panapokuwa na mfumo, kuchelewa huko kunaonekana, na mjane au mtoto aliyedhulumiwa ana tarehe ya kuishika mkononi anapokwenda kulalamika.

Pungufu moja lingeweza kuzibwa kwa gharama ndogo kuliko majengo: mashine ya kuskani inayojilisha karatasi yenyewe, kompyuta moja na mtu mmoja wa kuelekeza, katika kila masjala ya mahakama ya wilaya, kuanzia Liwale, Nanyumbu na Kilwa ambako steshenari za kuaminika ni chache. Mpaka hilo lifanyike, ukienda kufungua shauri beba kitambulisho cha NIDA, simu yako yenye laini yako, nyaraka asili ndani ya bahasha ngumu isiyokunjika, na nakala ya faili kwenye flashi. Nenda asubuhi, siku ya Jumanne au Jumatano, ili kama nyaraka itarudishwa uwe na siku za kazi za kuirekebisha kabla ya wikiendi.